Meza za Mbao Mbichi Kambini

Mukuju, kwenye barabara ya Tororo na Mbale, kama ilivyo pengi mashariki ya Uganda tangu mvule ulipoadimika, ubao upatikanao upesi na kwa bei nafuu ni wa mkaratusi. Nao mara nyingi huuzwa mbichi.

Amri ya kutengeneza meza ya nje, iwe ya kulia chakula au ya kusafishia silaha, aghalabu hutolewa leo ikatakiwa itimizwe kesho, kwa sababu mkubwa fulani anakuja kukagua. Seremala hana budi kutii. Mti uliosimama juma lililopita unakuwa meza juma hili. Kwa maoni yetu hiyo ni hasara kwa mali ya umma, na lawama si ya seremala.

Ubao mbichi umejaa maji. Unyevu ukishashuka chini ya kiasi cha asilimia 30 ya uzito wa ubao mkavu, nyuzi zenyewe huanza kunywea, tena si sawasawa. Kwa urefu ubao haupungui kitu cha kuonekana. Lakini kwa kufuata duara za mti hupungua karibu mara mbili ya vile upunguavyo kutoka kiini kuelekea gome. Ndiyo maana hujikunja kama kigae. Mkaratusi umezidi kwa ubaya huo, kwani hukua huku umejikaza ndani, na msumeno ukipita tu ncha hupasuka. Meza iliyopigiliwa Novemba, mvua zikimalizika, ifikapo Februari ina nyufa, na misumari iliyoshika barabara siku ya kwanza imelegea. Askari aliyefungua bunduki yake juu ya meza ya namna hiyo, akaiona pini ikitumbukia majanini, hahitaji maelezo zaidi.

Mbao zapasa kununuliwa mapema, zipangwe chini ya paa juu ya magogo, zitenganishwe kwa vijiti vya unene mmoja ili upepo upite, na ncha zipakwe rangi. Kanuni ya kale ya maseremala wa Ulaya ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Kwetu kuna joto, na ubao mwembamba waweza kuwa tayari mapema zaidi, lakini kamwe si kwa siku tatu. Stoo iwezayo kutunza sare za kikosi kizima haishindwi na mbao ishirini.

Twakubali kwamba kazi nyingine haingoji. Basi meza na ijengwe mbichi, ila upande wa kiini utazame juu, ili ubao ukijikunja uwe mgongo wa kumwaga maji, si bakuli la kuyaweka. Mbao zigusane, nafasi zitakuja zenyewe. Zifungwe kwa bolti katika matundu mapana kidogo, zikazwe tena baada ya kiangazi. Miguu ikae juu ya mawe, isichimbiwe ardhini, kwa kuwa mchwa hawaheshimu cheo.

Na mkubwa ajaye kukagua, akikuta meza haijawa bali mbao zimepangwa vema chini ya paa, aonyeshwe hizo.