Mguu kifundo haunyooshwi kwa nguvu



Mwezi wa sita na wa saba, kuanzia Mufindi hadi miinuko ya Uporoto na Rungwe, mtoto mchanga haonekani ila pua. Kavikwa soksi na kofia, kafunikwa blanketi zito, kisha kabebwa. Baridi ya Nyanda za Juu Kusini ni udhuru unaokubalika, na ndani ya udhuru huo baadhi ya familia huficha jambo: nyayo za mtoto zimegeukia ndani na kisigino kimepanda juu. Siku ya saba hufika, akika ikachinjwa, jina likatolewa, wageni wakaomba dua na kuondoka, na hakuna aliyeuona mguu.

Hali hii huitwa mguu kifundo. Humpata takriban mtoto 1 katika kila 1,000 wanaozaliwa, wavulana wakiwa karibu mara mbili ya wasichana. Mara nyingi chanzo chake hakijulikani. Mama hakuvunja mwiko wowote, wala jirani hakutia jicho, na mume anayemwuliza mkewe aliyejifungua juzi, "Kwenu nani yuko hivi?", anamdhulumu. Maswahaba walipoicheka miundi myembamba ya Abdullah ibn Mas'ud (r.a.), Mtume (s.a.w.) aliwajulisha kuwa miguu ile itakuwa na uzito katika mizani kuushinda mlima Uhud.

Baada ya kuficha, huja kukanda. Bibi huupaka mguu mafuta ya moto na kuuvuta kwa nguvu huku mtoto akilia. Nia yake ni njema, lakini njia hiyo yaweza kudhuru, na sababu yake imo ndani ya seli.

Nyuma na upande wa ndani wa mguu huo, kano ni fupi na nene. Dkt. Ignacio Ponseti, mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, alizitazama kano za namna hii kwa hadubini. Nyuzi zake zina mawimbi, mithili ya uzi uliofumuliwa kutoka kwenye sweta. Zikivutwa taratibu, mawimbi hunyooka. Zikishikiliwa hapo siku chache, mawimbi hurejea, na kano huwa tayari kuvutwa tena kidogo.

Mabadiliko hayo yanahitaji uhai. Seli zilizomo kati ya nyuzi huzishika kwa vishikio vidogo vya protini vinavyopenya utando wake: nje vimeukamata uzi, ndani vimekamata kiunzi cha seli. Uzi ukivutwa, kiunzi nacho huvutika, na habari hufika hadi kwenye kiini, nayo seli huanza kutengeneza nyuzi mpya na kuvunja za zamani. Ziko pia protini zilizo kama vilango, ambazo hufunguka utando unapovutwa au kubonyezwa. Ardem Patapoutian, mzaliwa wa Beirut, na wenzake walizitambua mwaka 2010, naye akawa mmoja wa wawili waliopewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021. Ama nguvu ikizidi, nyuzi huchanika, damu huvuja, na seli hujenga kovu. Kovu ni gumu kuliko kano ile ya mwanzo. Subhaanallah, seli isiyoonekana kwa macho hupambanua kuvutwa kwa upole na kuvutwa kwa pupa!

Kwa hiyo mtaalamu huunyoosha mguu kidogo kwa vidole, akaufunga plasta ngumu, ile wengi waiitayo hogo, kuanzia vidoleni hadi pajani. Wiki ikipita huifungua, akanyoosha tena na kufunga nyingine. Aghalabu plasta 5 hadi 7 hutosha, na watoto wengi hukatwa kidogo kano ya kisigino kabla ya plasta ya mwisho. Kisha huvaa viatu vilivyounganishwa kwa ufito, saa 23 kwa siku kwa miezi 3, halafu wakati wa kulala tu hadi afikie miaka 4 hivi.

Hapa ndipo akina baba wengi tunapochoka. Nauli ya kila wiki kutoka kijijini Kilolo hadi Iringa mjini, au Mbarali hadi Mbeya, si mzaha, na mguu ulionyooka humfanya mtu aseme yatosha. Lakini viatu vikiachwa mapema, mguu hurudi ulikokuwa. Anayezaliwa leo aweza kuanza tiba wiki hii au ijayo; ulizeni Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa.

Na plasta ikishafungwa, blanketi lisiwe sababu ya kutotazama vidole. Fungueni kila mara mviangalie, hata usiku wa baridi. Vikigeuka vyeupe au vya buluu, au vikivimba, mrudisheni mtoto hospitali saa hiyo hiyo, msingoje siku ya miadi.