Nyumba za Sinza na Haki ya Upepo

Wako wanaoshikilia ya kuwa ujenzi unaotunza mazingira ni mzigo ulioshushwa bandarini pamoja na wafadhili, na kwamba mtu wa Sinza hana haja nao mpaka kwanza atajirike. Kauli hiyo ni ya uwongo. Ubaya wake zaidi ni kuwa huwapa udhuru wachoraji wa ramani ambao hawajapata hata siku moja kumwuliza mwenye kiwanja upepo wake unatoka wapi.

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini ya Ikweta. Jua hupita juu ya mapaa takriban mwaka mzima, na kinachoungua, ukiliacha paa lenyewe, ni kuta za mashariki na magharibi. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, kusi kutoka kusini-mashariki. Nahodha asiye na cheti aliyajua hayo. Mwashi wa nyumba ya Kiswahili aliyajua pia, ndiyo maana akaipitisha ukumbi toka mlango wa mbele mpaka uani. Sinza ilipopimwa katika miaka ya 1970, katika mradi wa viwanja uliosaidiwa na mkopo wa Benki ya Dunia, elimu hiyo haikuwa ngeni jijini: kibaraza mbele, matofali ya matundu juu ya dirisha, mti wa kivuli nyuma.

Leo na atembee mtu toka Shekilango hadi Sinza Mori. Kibaraza kimekuwa fremu za maduka, uani pamejazwa vyumba vya kupangisha, na ardhi iliyokuwa ikinywa mvua imefunikwa saruji, maji yakawatelemkia jirani wa bondeni. Dirisha ni la alumini, la kusukuma, ambalo hata likifunguliwa mpaka mwisho hufunguka nusu tu. Mtu kalipia dirisha zima akapewa nusu ya upepo. Kisha kioo kipana huelekezwa magharibi, kwa kuwa barabara iko huko na wapita njia sharti waone. Ifikapo saa kumi za jioni chumba hakikaliki, kiyoyozi huwashwa.

Hapo ndipo penye dhuluma. Anayechagua kioo siye anayelipa umeme. Mwenye nyumba hupokea kodi yake ya miezi kadhaa akaenda zake. Mpangaji ndiye anunuaye LUKU, na umeme ukikatika ndiye anayeketi ndani ya tanuri alilochaguliwa na mwingine.

Itasemwa kuwa ardhi ni haba na fremu zinalisha watoto. Ni kweli, wala hapana mwenye haki ya kumwamuru mjane avunje fremu yake. Lakini kuligeuza dirisha likatazama kusini hakuongezi mfuko wa saruji. Huko Kijitonyama, jirani kabisa na Sinza, iko taasisi ya serikali ya utafiti wa nyumba bora, iliyoanzishwa mwaka 1971, ambayo imeyaeneza matofali ya udongo na saruji yanayofungamana, yasiyohitaji kuchomwa wala kumaliza kuni za msitu. Elimu haikukosekana, iliyokosekana ni ofisi ya kuishikilia miaka nenda miaka rudi.

Na waliowahi kuishikilia wapo. Beda Amuli alifungua ofisi yake ya usanifu Dar es Salaam mwaka 1969, akalibuni Soko la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975. Paa lake ni la zege, mfano wa miavuli iliyopinduliwa: mvua hukingwa na kuteremshwa chini, joto hupanda juu na kutoka, na upepo hupita kati ya wachuuzi pasipo kuulipia. Moto wa Julai 2021 uliliunguza vibaya, nalo likakarabatiwa badala ya kubomolewa. Ni vioo vingapi vya Sinza vitakavyopata heshima hiyo vikifika miaka 46?

Wapenzi wa mashairi wanajua ya kuwa ubeti, kwa asili yake ya Kiarabu, ni nyumba. Na hapana malenga aachaye mizani ikatike eti mnunuzi wa diwani anapenda karatasi ya kung'aa. Msanifu ambaye hajapata kumkatalia tajiri wake kioo cha magharibi, hata aandike mlangoni kwamba yeye ni rafiki wa mazingira, hana ahadi, ana tangazo.

Basi Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi iwaulize wanachama wake, na Manispaa ya Ubungo, kabla ya kugonga muhuri wa kibali, idai mishale miwili katika kila mchoro: mmoja uonyeshe upepo unapoingilia chumbani, wa pili unapotokea. Mchoro usio na mshale wa pili urudishwe kwa mwenyewe.