Boti za kukodi Bujumbura: wateja wapo miezi ya baridi, ziwa limefungwa

BUJUMBURA – Biashara ya kukodisha boti kwa watu binafsi wanaotaka kuvua kwa mshipi karibu na ufuko wa Bujumbura inakabiliwa na swali ambalo miaka michache iliyopita halikuwapo. Mwenye boti afanye nini katika miezi mitatu ambayo wateja ni wengi, lakini uvuvi umepigwa marufuku?

Miezi yenyewe ni ile ya ici, kiangazi kirefu cha Burundi kuanzia Juni. Mvua zimekatika, usiku kuna ubaridi, barabara zinapitika, na Warundi wanaoishi Ulaya wanarudi nyumbani kwa likizo za shule na harusi za Julai na Agosti. Kwa kawaida huo ndio wakati ambao mwenye boti angetarajia kupata fedha za kumvusha mwaka mzima.

Lakini kwa mujibu wa makubaliano ya nchi nne zinazopakana na Ziwa Tanganyika, yaliyofikiwa mwaka 2021, uvuvi husimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wapate kuzaliana. Burundi ilianza kutekeleza hatua hiyo mwaka 2023, na Tanzania ikafuata mwaka 2024. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, chombo cha pamoja cha Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, ina makao yake makuu hapa hapa Bujumbura.

Samaki anayetafutwa

Huko pwani ya Bahari ya Hindi, mteja wa boti ya kukodi anayependa kuvua karibu na nchi kavu humtafuta chewa, samaki mkubwa anayejificha kwenye miamba na kumvizia mawindo. Ziwa Tanganyika halina chewa. Anayeshika nafasi yake hapa ni sangala, samaki wa jamii moja na sangara wa Ziwa Victoria, pamoja na nonzi na kuhe. Mukeke, ambaye Kigoma wanamwita migebuka, ni wa ukoo huo huo wa sangala, ila yeye hukaa maji ya wazi akifuata makundi ya ndagala.

Sangala na chewa si ndugu, lakini kibiashara wanafanana kwa jambo moja: wote ni rahisi kumalizwa. Ni samaki wakubwa wanaochukua muda kukomaa, na wanajulikana mahali wanapokaa. Sangala wachanga hukulia kwenye majani ya maji mafupi kando ya ufuko. Wakubwa hushuka karibu na sakafu ya ziwa, ingawa hawawezi kwenda chini sana, kwa sababu upande wa kaskazini hewa ya oksijeni huisha kwenye kina cha mita 100 hivi. Kwa ziwa lenye kina cha mita 1,470, hiyo ni sehemu ndogo sana ya kuishi.

Bujumbura imekwisha kulipa gharama ya kulisahau jambo hilo. Kuanzia miaka ya 1950, meli za nyavu za kuzungusha, nyingi zikiwa mali ya Wagiriki waliokuwa wakiishi hapa, zilivua kaskazini mwa ziwa kwa miongo kadhaa. Sangala na nonzi wakubwa ndio walioanza kupungua, kisha uvuvi huo wa meli wenyewe ukafa katika miaka ya 1990. Waliobaki ni wavuvi wa mitumbwi na wa apolo, yaani mitumbwi iliyounganishwa inayovua ndagala usiku kwa taa.

Aidha, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa kupanda kwa joto la maji kumepunguza uzalishaji wa chakula cha msingi ziwani kwa asilimia 20 hivi, jambo linaloweza kupunguza mavuno ya samaki kwa asilimia 30 hivi. Ndiyo kusema, ziwa lingehitaji kupumzishwa hata kama idadi ya wavuvi isingeongezeka.

Hesabu ya mwenye boti

Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ni siku 93, yaani robo ya mwaka. Mwenye boti ya kukodi anauza mwisho wa wiki, na mwaka una wiki 52. Ukiondoa wiki 13 zinabaki 39.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mwenye boti mwenye gharama zisizobadilika za faranga 5,200,000 kwa mwaka, kwa maana ya maegesho, ulinzi, kibali na uchakavu wa injini, alikuwa akihitaji faranga 100,000 kila wiki kuzifidia. Akibakiwa na wiki 39 atahitaji karibu faranga 133,300. Gharama hazikuongezeka hata senti, lakini mzigo wa kila safari umepanda kwa theluthi moja.

Juu ya hayo kuna mambo mengine mawili. Jumamosi asubuhi nchini Burundi ni muda wa kazi za maendeleo ya jumuiya, hivyo siku kamili ya biashara ni Jumapili. Pili, uhaba wa mafuta umeisumbua nchi kwa miaka kadhaa, na anayeahidi safari bila kuwa na petroli mkononi anaahidi kitu asichokuwa nacho. Injini na spea hununuliwa kwa fedha za kigeni, na tofauti kati ya bei rasmi ya dola na ile ya mitaani inaingia moja kwa moja kwenye bei ya safari.

Ndipo vinapokuja vishawishi. Mwenye boti anaweza kujiambia kwamba ndoano nne za mtalii haziwezi kulimaliza ziwa, kwa hiyo sheria haimhusu. Wengine husema mteja atavua na kumwachia samaki.

Hoja zote mbili ni dhaifu. Samaki wa kina kirefu akivutwa juu haraka, kibofu chake cha hewa huvimba, na akirudishwa majini mara nyingi hafiki mbali. Pwani wavuvi wa chewa wanalijua hilo vizuri. Lakini kubwa zaidi ni kwamba mvuvi wa Kabonga au Rumonge ambaye ameweka nyavu zake ndani kwa miezi mitatu, huku watoto wakimtazama, hawezi kueleweshwa kwa nini boti ya mwenye nacho inapita mbele yake ikiwa na fimbo za kuvulia. Siku mvuvi huyo atakapoacha kuiheshimu marufuku, hakutakuwa na askari wa kutosha kulinda ziwa lenye urefu wa kilomita zaidi ya 670, na mwenye boti naye hatakuwa na sangala wa kumwonyesha mteja.

Kalenda mpya

Wenye boti za pwani wana uzoefu unaofaa kuigwa. Malindi, Watamu na Shimoni, kusi linapovuma kwa nguvu kati ya Mei na Julai, boti nyingi hupandishwa nchi kavu. Muda huo hutumika kutengeneza injini, kupaka rangi na kupokea malipo ya awali ya msimu unaoanza Agosti. Kule kinachofunga ni upepo, na hapa ni sheria, lakini kalenda zinakaribia kulingana.

Kwa Bujumbura, msimu mpya wa mshipi unaanza Agosti 16. Kuanzia hapo hadi mvua zitakaposhika kuna takriban wiki sita. Hata ziwa lenyewe linasaidia. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini mashariki husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na maji baridi yenye rutuba hupanda upande wa kusini. Upepo unapolegea mwezi Septemba, maji yaliyolundikana hurudi, tabaka za chini zinayumba, na rutuba hufika pia upande wa kaskazini.

Tatizo ni kwamba wateja wa Ulaya wanaondoka mwishoni mwa Agosti. Mwenye boti ana majuma mawili tu ya kukutana nao. Kwa sababu hiyo nafasi za majuma hayo ziuzwe mapema, Mei au Juni, kwa malipo ya awali, na kwa bei inayolingana na uchache wake.

Katika siku 93 zenyewe, boti inaweza kufanya kazi bila ndoano: kuwapeleka watu kutazama viboko kwenye mlango wa mto Rusizi, kubeba maharusi na wapiga picha, au matembezi ya jioni. Faida ni ndogo kuliko ya safari ya uvuvi, lakini kila faranga inayopatikana inapunguza ule mzigo wa theluthi moja. Anayetaka kujua mipaka ya agizo la mwaka husika aombe jibu la maandishi kutoka kwa wahusika wa uvuvi kabla ya kupokea fedha za mteja. Ahadi ya mdomo ya mtu wa bandarini haitamsaidia boti ikikamatwa.

Kwa wasafirishaji

Wasafirishaji wa mizigo nao wana la kujifunza. Kwa kuwa makubaliano yanazihusu nchi zote nne, mwenye hoteli au mgahawa wa Bujumbura anayekosa mukeke na ndagala hawezi kutegemea Kigoma, Kalemie au Mpulungu katika kipindi hicho. Samaki wa kuziba pengo anatakiwa kutoka nje ya Ziwa Tanganyika, na njia iliyo karibu ni ya Mwanza kupitia Kabanga na Kobero, ikileta dagaa wakavu na sangara wa Ziwa Victoria.

Atakayepakia Juni atakuta wenzake wamekwisha kupanga foleni. Mikataba ya magari yenye majokofu na ya dagaa wakavu ifungwe Aprili, na iishe wiki ya kwanza ya Agosti. Ziwa likifunguliwa tarehe 16, ndagala wabichi wataingia sokoni, na aliyebaki na shehena ya Mwanza ghalani atauza kwa hasara.

Hali kadhalika, wanaoleta injini, nyavu, mishipi na jaketi okozi kutoka Dar es Salaam wajue kuwa mnunuzi wao ana fedha na muda wa matengenezo kabla ya Agosti 16, si baada yake. Mzigo ukikwama mpakani wiki mbili mwanzoni mwa Agosti, boti itaukosa msimu wake bora, na deni la vifaa litasubiri mwaka mwingine.