Mashine inajua kukata, lakini haijui mbao

Wiki jana niliwasha taa yangu ya usiku juu ya kaunta ya duka moja hapa Matisi, Kitale. Ni taa ndogo ya mbao, kimo chake kama daftari lililosimamishwa, na mbele imechongwa nzohe akiwa katikati ya matete. Mama mwenye duka akaizungusha, akaipapasa, kisha akaniuliza: "Kijana yangu, hii umetengeneza wewe ama ni mashine?"

Nilikwama kidogo. Nikamjibu, "Ni sisi wote wawili, mama." Akacheka, lakini swali lake lilinifuata hadi nyumbani. Wazee wengi wanaona ukitumia mashine ni kama umeiba mtihani. Vijana wenzangu nao wanaona ukishapata mashine, fundi wa nini tena? Mimi nasema pande zote mbili zimekosea, na makosa hayo yanatunyima riziki.

Wacha nieleze vile kazi yenyewe inafanyika. Unachora picha kwa laptopu. Programu inageuza mchoro kuwa orodha ya maagizo: nenda kulia milimita 40, shuka milimita 2, rudi. Ruta ya CNC inayafuata hayo maagizo neno kwa neno, keekee yake ikizunguka maelfu ya mara kwa dakika. Ubao wangu una unene wa milimita 18. Nyuma nachimba milimita 12 ili nifiche utepe wa LED, na zile 6 zinazobaki ndizo uso wa taa. Hapo picha inakatwa mpaka itobokee. Katikati naweka kipande cheupe cha Perspex ili mwanga usambae, usichome macho. Volti 5 zinatosha, yaani chaja ya simu tu. Stima ikipotea, unachomeka kwa pawabanki na maisha yanaendelea.

Ukisoma hivyo unaona ni rahisi. Mimi pia niliona ni rahisi.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imetushinda nyumbani. Chuo chenyewe sikitaji. Lakini kulikuwa na mashine kama hii pale, na muda wangu wote nikiwa pale niliiona ikizunguka siku moja tu, siku wageni walikuja. Wageni walipoondoka, turubai likarudishwa juu yake na mlango ukafungwa. Tulisoma habari zake kwa daftari, tukachora sehemu zake, tukafanyiwa mtihani. Kuigusa, hapana.

Niliigusa miaka miwili baadaye, kwa karakana ya fundi anayechonga milango na vitanda. Makubaliano yalikuwa mepesi: nifagie vumbi la mbao wiki nzima, na Jumamosi jioni, mashine ikiwa haina kazi, niitumie. Siku yangu ya kwanza nilikuja na ubao wa saiprasi niliopata kwa bei ya kutupa. Mzee akaugonga kwa kidole, akaupima uzito mkononi, akasema, "Huu bado una maji." Nikanyamaza kwa heshima, lakini moyoni nikasema hayo ni mambo ya kizamani. Nikabonyeza kitufe.

Picha ilitoka safi ajabu. Nikaipiga msasa, nikapaka vanishi, nikaipeleka kwa kukhu wangu kijijini upande wa Bungoma, ambaye maisha yake yote amelala na koroboi ikiwaka pembeni kwa sababu usiku lazima aamke. Nilitaka hiyo koroboi iondoke kabla haijachoma nyumba. Baada ya wiki mbili akanipigia simu kwa upole kabisa: taa yako, mjukuu wangu, imejipinda. Pembe ya nzohe ilikuwa imekatika na uso umepasuka. Akarudia koroboi yake.

Laptopu haikuniambia ubao ni mbichi. Mashine haikukataa kuukata. Aliyejua ni mzee mwenye patasi, na alijua kwa kugonga tu. Nilipomrudia kichwa kikiwa chini, akanifundisha la pili: sehemu nyembamba kama pembe na matete zifuate mkondo wa nyuzi za mbao. Ukizikata kukingama nyuzi, zinavunjika hata ubao ukiwa mkavu. Hilo hata daftari la chuo halikuwa nalo.

Na wazee nao wasifurahi sana. Kuna kazi yangu ambayo patasi ingekula siku tatu, na mashine inaimaliza chini ya saa moja. Tena hakuna ufundi ulioanguka kutoka mbinguni. Mashine za kuongozwa kwa namba zilionyeshwa hadharani mwaka wa 1952 katika chuo cha MIT, Marekani, baada ya John Parsons wa Michigan kuhangaika na vipande vya mapanga ya helikopta ambavyo mkono haukuweza kukata kwa usahihi. Hapa kwetu, uchongaji wa vinyago wa Wakamba unahusishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza kwa Wazaramo huko Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Alijifunza kwa wenyewe, akarudi, akafunza wengine. Leo nani atasema kinyago cha Mkamba si cha Mkamba?

Kosa ni kunakili halafu uishie hapo. Ukiingia kwa intaneti utapata michoro ya bure ya taa: mnara wa Eiffel, moyo, mbwamwitu akililia mwezi. Mbwamwitu wa wapi, jamani? Sisi tuko jirani na Saiwa, mbuga ndogo kuliko zote za kitaifa nchini, iliyotengwa mwaka wa 1974 kwa ajili ya nzohe. Mlima Elgon tunaamka tukiuangalia. Taa ya Eiffel ninaweza kuiuza, lakini nitashindana na kila mtu mwenye faili hiyohiyo. Nzohe wangu lazima nimchore mimi.

Sasa ombi langu, na ndilo lililonifanya niandike. Vyuo vya ufundi vyenye mashine kama hizi vizifungue Jumamosi kwa vijana wasio wanafunzi. Najua mtaniambia ni ghali, zitaharibika. Sawa. Tutozeni kwa saa, kama tunavyolipa saiba. Tupeni somo la usalama kwanza, miwani na barakoa ziwe lazima, maana lile vumbi si mchezo. Na msimamizi asiwe mwalimu wa kompyuta peke yake. Mleteni fundi wa mtaani akae pale, alipwe, agonge mbao kwa kidole na kusema "huu bado una maji" kabla mtoto wa watu hajapoteza pesa yake. Kukaa chini ya turubai pia ni kuharibika, ila huko hakuna anayefaidika.

Na wewe mwenzangu uliyeacha shule, usingoje mlango ufunguliwe. Tafuta karakana, shika ufagio, uliza maswali ya kijinga.

Taa ya pili ya kukhu niliitengeneza kwa ubao uliokauka miezi minane darini mwa karakana. Mzee mwenyewe ndiye aliyeuchagua. Nilipomtembelea kukhu mwezi uliopita ilikuwa imenyooka, inawaka. Koroboi bado iko juu ya kabati, lakini utambi wake umekauka.