Moshi wa Mnyonge na Moshi wa Mwenye Nguvu



Tumechoka kusikia kwamba nchi yetu haina sheria juu ya hewa. Sheria zipo. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 53, yampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi, na papo hapo inaongeza neno ambalo wengi hulipita haraka: ni wajibu wake pia kuyatetea. Kifungu cha 54 chadai fidia kwa uchafuzi wowote utokanao na shughuli za kiuchumi. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 yasema anayechafua ndiye alipaye. Hata sashe za plastiki, ambazo zikichomwa jioni kando ya lupango hutoa ule moshi mweusi uchomao koo, zilipigwa marufuku kwa dekreti ya tarehe 30 Desemba 2017. Karatasi hazikupungua.

Kilichopungua ni mkono ulio sawa kwa wote. Tazameni ni wapi mamlaka hufika upesi: kwa mama anayechoma mahindi kwenye mbabula njiani, kwa kijana anayechoma matofali ya nyumba ya wazazi wake. Ajenti huja, hutaja sheria bila kuionyesha, hupokea franka zake, haandiki risiti, huenda zake. Moshi hubaki palepale. Je, huo ni ulinzi wa hewa? Sisi twauita ushuru wa moshi. Aliyelipa leo amenunua ruhusa ya kuchafua mpaka ajenti atakaporudi, na jirani mwenye mtoto wa pumu hakupata lolote. Yezu aliwakemea waliochuja mbu huku wakimeza ngamia. Nasi tunao ngamia wetu, tena mrefu, aonekanaye toka mbali.

Lubumbashi ulianzishwa mwaka 1910, na mwaka uliofuata tanuru ya shaba ikawashwa. Pepo za kiangazi huvuma kutoka kusini-mashariki. Kwa hiyo, kizazi baada ya kizazi, moshi wa salfa na vumbi la madini viliangukia upande wa kaskazini-magharibi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wameuchunguza udongo wa kule, hasa mahali paitwapo Penga Penga: miti ya miombo ilitoweka, udongo ukabaki umeshiba shaba. Hatukatai kwamba bomba lile lililisha jamaa nyingi. Twajivunia kulipiga picha kana kwamba ni mnara wa katedrali. Lakini kazi na mshahara havifuti kifungu cha 54, na swali letu ni jepesi: waliokaa chini ya upepo ule walipewa fidia gani?

Wako watakaosema kwamba tunataka kuzima mbabula za maskini. La hasha. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020 peke yake, na Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, namba 20, ameutaja moshi wa kupikia kati ya mambo yanayowaumiza maskini. Mama anayepika kwa makala wakati umeme umekatika si mkosaji, ni mgonjwa wa kwanza. Waingereza walilielewa jambo hili kwa gharama kubwa. Mwezi wa Desemba 1952 moshi ulifunika London siku 5, ukaua watu wapatao 4,000 kwa hesabu ya kwanza. Sheria yao ya mwaka 1956 iliyapa mabaraza ya miji mamlaka ya kutangaza mitaa isiyoruhusiwa moshi. Lakini mwenye nyumba aliyelazimika kubadili jiko alirudishiwa sehemu 7 kati ya 10 za gharama. Walikataza, wakasaidia. Kwetu hukatazwa tu, tena njiani.

Katika namba 179 ya barua ileile, Papa afundisha kwamba pasipo raia kuisimamia mamlaka, hata ile ya mji, uharibifu hautazuilika. Basi kila kikundi kimwandikie burgumestre wa komini yake na kumwuliza: ni viwanda gani vya komini vimekaguliwa mwaka huu? Amandi zimeingia katika hesabu ipi? Wanawake walioondolewa njiani na mbabula zao wamepewa nini badala yake? Barua iwe nakala mbili, na moja irudi na muhuri wa kupokelewa. Ajenti akija, aombwe kwa heshima hati ya kazi na kifungu cha sheria. Pasipo risiti, pasitoke franka. Na sashe za sikukuu zisichomwe tena nyuma ya ukumbi wa parokia, maana burgumestre atakayeisoma barua yenu aweza kupita pale jioni ileile.