Nani Asema Hii si Kazi ya Fundi?

Ndugu wafanya kazi,

Wako wakubwa wasemao kwamba mtu wa mashine ya CNC hubonyeza vitufe tu, kwa hiyo mshahara wa fundi si haki yake. Basi watujibu: chuma kikianza kula kisu, nani ajuaye?

Mashine haijui. Hufuata hesabu iliyopewa. Kisu kikilika milimita 0.02 kila upande, mfuo uliotakiwa upana wa milimita 50.00 utatoka 49.96, na mashine itaendelea hivyo mpaka jioni. Fundi ndiye apimaye kwa maikromita, akaandika -0.02 katika ukurasa wa ofseti ya kulika. Tena lazima ajue kama mashine yake huhesabu nusu ya kipenyo au kipenyo kizima. Ikiwa kizima, ataandika -0.04. Kisu kipya kikitiwa, hurudisha 0, ama sivyo kipande cha kwanza kimeharibika.

Je, hivyo ni vitufe tu?

Wengine huufunga ukurasa huo, mfanya kazi asiuguse, kisha kipande kikiharibika humkata yeye mshahara! Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, huruhusu kukata kwa hasara iliyofanywa kwa makusudi. Aliyefungwa mikono amekusudia nini?

Tudai mawili: apimaye aruhusiwe kusahihisha, na asahihishaye alipwe kama fundi. Msidharau 0.02, ndugu. Haba na haba hujaza kibaba.

Umoja ni nguvu.