Mchanga Ulionisomesha

Wasee, leo hakuna vichekesho. Nimebeba kinyongo wiki mbili sasa na nimeona heri niwamwagie nyinyi kuliko nikae nacho.

Ilikuwa Syokimau, kwa beshte yangu aliyehamia juzi. Ghorofa ya nne, balkoni inatazama reli. Tulikuwa kama saba, tumeagiza chipsi na kuku, stori zinaenda. Mambo ya ukame yakaingia. Nikasema huko nyumbani mtungi wa lita ishirini ukiletwa na punda unauzwa bei ya soda. Jamaa mmoja, mpole kabisa, hana ubaya na mtu, akasema, "Lakini si nyinyi mliuza mto wenu wenyewe? Mmeuza mchanga wote, sasa mnalia maji." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Hiyo ndiyo inaniuma zaidi.

Alisema hivyo akiwa ameegemea ukuta. Huo ukuta, sakafu, ngazi tulizopanda, vyote ni simiti na mchanga. Na huo mchanga haukuchimbwa Syokimau. (Halafu Syokimau yenyewe iko Kaunti ya Machakos, na jina ni la yule nabii wa Kikamba anayesemekana kutabiri reli kabla haijafika. Hiyo ni stori ya siku nyingine.)

Ukitaja kijiji cha migodi, watu wanafikiria dhahabu ya Kakamega ya miaka ya 1930, ama Magadi, ama almasi za Mwadui kule Tanzania. Hakuna anayefikiria kwetu, pande za Masinga, kona ya kaskazini ya Machakos, mbali na lami, ambapo ukisonga mbele kidogo tu uko Embu. Hata sisi hatukujiita wachimba migodi. Tulisema tu "watu wa mtoni". Lakini ulikuwa mgodi, buda. Ulikuwa na wachimbaji, mabroka, hoteli za mabati, vifo, na pesa zilizopita bila kulala.

Jina la kijiji siweki hapa, wenyewe bado wanaishi huko. Nitawaambia tu maisha yalivyokuwa, kutoka zile stori za baba za miaka ya tisini hadi nilichokiona mimi nikiwa mtoto.

Mto wetu ni wa msimu. Unajaa mvua ikinyesha, wiki chache tu, halafu unabaki barabara pana ya mchanga mweupe. Siku ya mgodi ilianza saa kumi alfajiri. Wanaume walilala karibu na mto wasipoteze foleni, wamejifunika magunia. Lori likiwa bado mlimani walishajua ni la nani, kwa sababu kila dereva alikuwa na honi yake. Watu sita kwa lori la tani saba, watatu kila upande, spedi juu ya bega, shwaa, shwaa, mpaka lijae. Baba alikuwa anajivunia kwamba timu yao iliweza kujaza lori kabla chai haijapoa. Nilidhani anapiga chuku mpaka nikaona mwenyewe.

Nakumbuka nikihesabu mia sita, watu sita. Mia moja kila mtu kwa lori moja. Ukipata malori matatu kwa siku, wewe ni mwanaume. Ukikosa, unakopa unga. Broka hakushika spedi hata siku moja, lakini viatu vyake vilikuwa vinang'aa. Ule mchanga ukifika Nairobi uliuzwa kwa maelfu, na hiyo tulikuja kujua baadaye sana. Wakati ule Nairobi ilikuwa kama mdomo tu, mahali malori yalikoenda kutapika halafu yanarudi na njaa.

Kina mama walikuwa na uchumi wao. Mwingine alipika isyo na chai ya strungi chini ya mgunga, mwingine alichekecha kokoto, wengine walipakia kama wanaume na wakalipwa pungufu, usiniulize kwa nini. Chakula chote kilikuwa na mchanga. Ungetafuna polepole, ukisikia krr unameza tu. Mpaka leo nikila githeri laini kabisa nahisi kuna kitu kinakosekana.

Jioni ndiyo ilikuwa noma. Pesa za mto zilikuwa za mkononi, na zilianza kuisha palepale kwa mama wa kaluvu. Kuna nyumba zilijengwa na mchanga na kuna nyumba zilivunjika kwa sababu ya mchanga, na mara nyingine ilikuwa nyumba ileile.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupeleka chai na kuhesabu malori kwa mawe, kila lori jiwe moja mfukoni, ili baba asidanganywe. Nikiwa darasa la sita nikapewa spedi, Jumamosi tu. Baba alikuwa mkali kwa hilo, Jumamosi tu. Wenzangu hawakuwa na baba kama huyo. Thika Road ilipokuwa inajengwa, 2009 mpaka 2012, na maploti yanamea kila mahali huko mjini, malori yalianza kuja usiku kucha. Safu ya nyuma ya darasa letu ikabaki bila wavulana. Mwalimu aliita majina halafu akaacha kuyaita.

Halafu kuna ile siku ya ukingo. Mchanga wa katikati ya mto ukiisha, watu huanza kuchimba kwenye kingo, wanaingia chini kwa chini kama panya. Ukingo ukaanguka. Rafiki wa baba alikuwa ndani. Walimtoa kwa mikono kwa sababu waliogopa kumkata na spedi. Alikuwa ameshakufa. Mchana ule hakuna aliyepakia. Kesho yake saa kumi alfajiri nilisikia honi, na nikasikia baba akitafuta viatu gizani.

Sasa mambo ya maji, kwa sababu ndiyo yule jamaa alikuwa anasema.

Susu wangu alikuwa na shimo lake mtoni, amelizungushia miiba ng'ombe wasiingie. Anachimba kwa kibuyu, kina cha mkono tu, maji haya hapa, safi. Watu wa mjini hawaelewi hiki kitu: mto wetu ukikauka juu, haujakauka. Maji ya mvua yanaingia katikati ya chembe za mchanga na kukaa humo, jua haliyafikii, mbu hawatagi humo. Mto wa mchanga ni tangi. Mtu akibeba mchanga amebeba tangi, na kila mvua inayonyesha baadaye inapita tu juu ya mwamba kwenda kwa wengine.

Nilikua na shimo la Susu. Nikiwa mdogo alilala kifudifudi akachota. Baadaye akawa anasimama ndani mpaka kiunoni. Baadaye tukamchongea vidaraja vya kushukia. Halafu mwaka mmoja spedi ikagonga mwamba. Susu alikaa pale kando muda mrefu, hakusema kitu, akakunja ile miiba kuni zake akaenda nyumbani.

Kwa hivyo ndiyo, tuliuza. Sitakataa. Lakini tuliuza nini? Mia moja kwa lori ilikuwa bei ya jasho la kupakia, basi. Mchanga wenyewe ulikuwa karibu bure. Na maji yaliyokaa ndani yake hayakuwa kwenye hesabu ya mtu yeyote, si ya broka, si ya mwenye ploti, si ya mtu wa ushuru aliyesimama barabarani na kitabu cha risiti. Mtu aliyepata mia moja anaitwa mharibifu. Aliyepata ghorofa anaitwa mwekezaji.

Na hii lawama si mpya. Miaka ya 1930 wakoloni walisema Wakamba wa Machakos wameiharibu ardhi yao kwa ng'ombe wengi. Kwamba maeneo mazuri walishayachukua masetla, hiyo haikuwekewa mkazo. Mwaka wa 1938 wakaanza kukamata ng'ombe kwa nguvu, na kulikuwa na kiwanda cha nyama Athi River kinachongoja. Watu wakaenda Nairobi, wanaume, wanawake na watoto, wakapiga kambi Kariokor wiki kadhaa wakitaka kumuona gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akapelekwa kizuizini Lamu. Ndiyo, yule wa Muindi Mbingu Street, hapo unapopita ukienda City Market. Ni nyimbo ileile: mmejiharibia wenyewe. Na kila mara inaimbwa na mtu ambaye ameshashiba.

Msinielewe vibaya. Kuna wale wanaoposti picha nyeusi na nyeupe wakisema zamani maisha yalikuwa fiti, watu walikuwa wanapendana. Hao pia wananichosha. Yalikuwa maisha ya mgongo kuuma ukiwa na miaka thelathini. Kuna watu wameuawa Machakos na Makueni kwa vita vya mchanga, hata askari. Sitaki kurudi huko.

Ninachotaka ni kitu kidogo, na nakisema bila aibu. Lori likitoka mto fulani, ushuru wake urudi mto huohuo, uwe ukuta wa kuzuia mchanga mwingine. Si kwa bajeti ya jumla, si kwa semina hotelini. Mto huohuo. NEMA walitoa mwongozo wa uchimbaji mchanga tangu 2007, na majirani zetu Makueni walitunga sheria yao mwaka wa 2015 wakaweka na mamlaka ya kuusimamia. Kwa hivyo mtu asiseme ni kitu kisichowezekana. Umoja wa Mataifa wenyewe, kupitia UNEP hapo Gigiri, walisema 2022 kwamba dunia inatumia tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kila mwaka. Nairobi haitaacha kujenga kesho. Basi anayejenga alipe na maji.

Nilimpelekea baba hayo maoni yangu nikidhani atapiga makofi. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Hiyo sheria ingekuwepo wakati ule, malori yangepungua?"

Nikasema ndiyo, pengine.

"Basi maji ungekuwa nayo," akasema. "Karo ungetoa wapi?"

Sikuwa na jibu. Bado sina. Kila herufi ninayoandika hapa ililipwa na ule mto, na Susu hakuulizwa.

Agosti mwaka jana kikundi cha mwethya cha kijijini kiliamua kujenga bwawa la mchanga. Ni ukuta wa mawe na simiti unaokingamishwa mtoni. Mvua ikija, maji yanaleta mchanga, mchanga unakaa nyuma ya ukuta, maji yanakaa ndani ya mchanga. Machakos na Makueni wamejenga mengi ya namna hiyo, tunajulikana kwayo mpaka nje. Nilienda kurekodi video. Mama mmoja akaniangalia na kamera yangu, akanikabidhi karai la mawe.

Mawe tulikuwa nayo. Simiti ilichangwa, nondo zikapatikana. Kitu kimoja tu kilikosekana cha kuchanganyia. Nadhani mmeshajua.

Ilibidi kikundi kinunue mchanga. Lori likatoka mto wa mbali, likaja likipiga honi mlimani, na nikaona wazee wote wa mtoni wakisimama kwa pamoja, kama wameitwa majina. Baba alikuwa wa kwanza kupanda juu. Miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kushusha mchanga kwenye mto wetu hata spedi moja. Aliushusha polepole, hakuna foleni, hakuna chai ya kupoa.

Dereva alitutoza bei ya Nairobi.